Unataka kufanya PhD ya modeli za magonjwa ya kuambukiza ukiwa Dodoma? Karibu tujadili

MLETA UZI

Wakuu, habari za jioni.

Kila msimu wa udahili napata ujumbe uleule kutoka kwa vijana wa hisabati: "Kaka, nataka kufanya PhD ya modeli za magonjwa, nianzie wapi?" Badala ya kumjibu kila mtu peke yake naona niweke hapa, wenye uzoefu waongezee na wanaonipinga wanipinge. Mimi nafundisha hisabati chuoni hapa Dodoma, na uzamivu wangu niliufanya juu ya Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi wa mifugo unaowapata na binadamu, kwa hiyo mifano mingi itatoka huko.

Nianze na ninaloliamini kuliko mengine yote: tafuta ugonjwa na swali kwanza, milinganyo itafuata. Na hilo swali ulipate kwa mtu anayelala na kuamka na huo ugonjwa. Tabibu wa kituo cha afya, mganga mkuu wa wilaya, daktari wa mifugo, mfugaji mwenyewe. Tasnifu nyingi za fani yetu nilizopitia zina mwendo mmoja. Modeli inaandikwa, inathibitishwa kwamba idadi ya watu haishuki chini ya sifuri, kisha kwamba haipandi bila kikomo, kisha inatafutwa R0 (namba ya kasi ya maambukizi, nitaieleza hapo chini), kisha uthabiti, yaani kama ugonjwa utatulia kwenye kiwango fulani, mwisho michoro ya kompyuta ambayo namba zake zimetolewa kwenye makala za nchi nyingine kabisa. Badilisha jina la ugonjwa pale kwenye jalada, ndani hakuna kitakachoharibika. Mtahini anapitisha, mhitimu anavaa joho, na kule wilayani hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kuna utafiti ulifanyika. Inaniuma, kwa sababu vijana wenyewe wana uwezo mkubwa kuliko hapo.

Kwa wasioijua fani hii, kwa ufupi tu. Unaigawa jamii katika makundi: wanaoweza kuambukizwa, wanaoambukiza, na waliopona wakiwa na kinga. Kisha unaandika milinganyo inayoonyesha watu wanahama kutoka kundi hadi kundi kwa kasi gani. Kermack na McKendrick waliiweka hivyo mwaka 1927, na hadi leo ndio mlango tunaoingilia wote. Kabla yao Ronald Ross, aliyepata Nobel mwaka 1902 kwa kazi yake ya kuonyesha kwamba malaria inaenezwa na mbu, alitumia hesabu kudai jambo ambalo wengi hawakulikubali: huhitaji kumaliza mbu wote. Ukiwashusha chini ya kiwango fulani, malaria inakosa nguvu ya kujiendeleza.

R0 ndiyo namba mtakayoisikia kila mahali. Mgonjwa mmoja akiingia kwenye jamii isiyo na kinga, ataambukiza wangapi? Chukua ugonjwa ambao mtu anaambukiza kwa siku 5, na kila siku kwa wastani anaambukiza watu 0.4. Zidisha, unapata 2. Ikiwa chini ya 1, mlipuko unazimika. Surua inakadiriwa kuwa 12 hadi 18. Sasa fanya 1 kutoa 1 gawanya kwa R0, utaona kwamba takriban asilimia 92 hadi 94 ya watu wanatakiwa wawe na kinga. Watu wa chanjo wanapong'ang'ania asilimia 95, hiyo ndiyo hesabu iliyo nyuma yake.

Haya, twende Bahi, wilaya yetu ya hapa mkoani Dodoma.

Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa Kenya mwaka 1931. Huku kwetu tuliijua vizuri mwishoni mwa 2006 na miezi ya mwanzo ya 2007, na Dodoma ni kati ya mikoa iliyoumia sana. Wenyeji mnakumbuka mabucha yalivyokosa wateja. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa 264 nchini kati ya 13 Januari na 3 Mei 2007, na 109 kati yao walifariki. Mlipuko mkubwa uliotangulia Afrika Mashariki ulikuwa wa 1997 na 1998, mvua za El Niño. Hapo katikati ni karibu miaka kumi ya ukimya.

Ukimya huo una maelezo, na mimi kila nikiyasimulia bado yananishangaza. Kuna mbu wa jamii ya Aedes wanaotaga kwenye udongo wa mabonde yanayojaa maji msimu wa mvua. Mayai yale yanaweza kukaa kwenye udongo mkavu miaka na miaka, na virusi vikiwa ndani yake. Ikija mvua ya kufurika, yanaanguliwa. Mbu wanauma mifugo, mbuzi na kondoo wenye mimba wanaanza kuzitupa, karibu wote walioambukizwa. Baadaye kwenye maji yaliyotuama wanajaa mbu wa jamii ya Culex, na hao ndio wanaousambaza moto.

Sasa mwanafunzi anakuja na modeli ambayo kasi ya kuzaliana kwa mbu ni namba moja, Januari hadi Desemba. Anathibitisha vizuri kabisa kwamba ugonjwa utatulia kwenye kiwango fulani na kubaki hapo milele. Hesabu yake haina kosa hata moja. Lakini Bahi haijawahi kuwa hivyo! Dodoma mvua ni za Desemba hadi Aprili, miezi mingine vumbi tupu, na ugonjwa unakuja baada ya miaka mingi kwa kishindo. Modeli isiyo na mvua ndani yake haina la kuiambia Dodoma. Ukiingiza mvua, kasi zako zinabadilika na wakati, R0 ya kawaida haitoshi, na hapo ndipo hisabati ngumu ya kweli inapoanza, ile inayostahili kuitwa uzamivu.

Jambo la pili ndilo linalonikosesha usingizi zaidi. Binadamu wengi wanaipata homa hii kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa: anayechinja, anayemsaidia mbuzi kuzaa, anayebeba kondoo aliyetupa mimba. Haijathibitika kwamba mtu anamwambukiza mtu. Kwa hiyo katika modeli nyingi binadamu ndio mwisho wa njia. Ukipanga jedwali la nani anamwambukiza nani ili upate R0, safu ya binadamu inajaa sifuri, na jibu linatoka bila kumwona. Unaweza kuandika sura nzima ya R0 na wale 109 wasionekane popote. Mganga mkuu yeye anataka kujua watu wangapi wataugua, machinjio gani, mwezi gani. Lazima utafute kipimo kingine cha kumjibu.

Na chanjo je? Mlipuko ukishaanza, kuchanja mifugo haishauriwi, kwa sababu sindano moja ikipita kwa mnyama mgonjwa halafu kwa mzima, wewe mwenyewe ndiye unayeusambaza. Basi uchanje kabla. Kabla kwa wiki ngapi? Chanjo ya zamani ya virusi hai inatosha kwa dozi moja lakini inaweza kuharibu mimba, kwa hiyo mfugaji ataikataa. Ile ya virusi vilivyouawa inahitaji dozi zaidi ya moja, na wafugaji wanahama. Hapo una swali la uzamivu zima: ukipata utabiri wa mvua kubwa, una muda gani, na mifugo mingapi uifikie, ili machinjioni watu wasife? Swali hilo mimi sikulitunga mezani. Nilipewa na daktari wa mifugo tukiwa tumesimama mnadani.

Karibuni.

MWALIMU WA KONGWA

Heshima kwako mkuu, huu uzi nimeusoma mara mbili. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa kidato cha tano na sita, nina shahada ya ualimu. Kongwa ndiko nyumbani. Bibi yangu mzaa baba alipofuka kwa vikope, na utotoni tulikuwa tunadhani uzee wa kule kwetu unakuja na upofu. Swali langu ni mawili. Mtu wa ualimu kama mimi anaweza kufika huko? Na vikope navyo vinaingia kwenye hizi modeli?

MLETA UZI

Pole sana kwa bibi, mwalimu. Na umegusa ugonjwa ambao wilaya yako inajulikana nao dunia nzima. Watafiti wa macho wamekuwa Kongwa tangu miaka ya 1980. Utafiti wa kuosha watoto nyuso uliofanyika vijijini hapo ulichapishwa mwaka 1995, na unasomwa mpaka leo na kila anayeshughulika na trakoma, yaani hivyo vikope.

Kihisabati vikope ni tofauti kabisa na surua. Hapa mtoto akipona haondoki na kinga ya kudumu, anaambukizwa tena na tena. Kovu linajengeka polepole ndani ya kope, kope linajipinda, nywele zinaanza kukwaruza jicho, na mtu anapofuka ukubwani kwa maambukizi aliyoyapata akiwa mdogo. Kwa hiyo yale makundi matatu ya Kermack na McKendrick hayatoshi, unahitaji modeli inayokumbuka mtu ameambukizwa mara ngapi. Mwongozo wa kimataifa unasema dalili zikionekana kwa asilimia 10 au zaidi ya watoto wa mwaka 1 hadi 9, wilaya nzima inagawiwa dawa kila mwaka. Zikishuka chini ya asilimia 5, ugawaji unasimama. Sasa jiulize kama mtu wa Kongwa: ukisimamisha, na maji bado yanachotwa mbali na nzi bado wapo, ugonjwa unarudi baada ya muda gani? Vijiji vipi vitaanza? Mtu aliyezaliwa huko ataweka ndani ya modeli mambo ambayo mgeni hawezi kuyawaza.

Kufika unafika. Kwanza uzamili, na huko hakikisha unachukua milinganyo ya diferensho, takwimu, na nadharia ya uwezekano. Wengi wa hisabati wanaikimbia takwimu, na ndiyo inayowaangusha baadaye. Ualimu haukupunguzii kitu. Anayeweza kumwelewesha mtoto wa kidato cha tano kalkulasi ataweza kumwelewesha mkuu wa kitengo mlipuko.

TABIBU BAHI

Mkuu, mimi ni tabibu, kituo sikitaji. Niseme ukweli, ninyi watu wa modeli tumewachoka kidogo. Mnakuja na barua, mnapiga picha vitabu vyetu vya MTUHA, vya kumbukumbu za wagonjwa, mnaondoka. Hakuna aliyewahi kurudi kutuambia alichokipata. Halafu kuna kitu mngeuliza mngeambiwa. Kwenye kitabu cha wagonjwa wa nje utakuta wiki nzima hakuna "homa" hata moja. Ukiipeleka kwenye kompyuta inakuwa sifuri. Kumbe wiki hiyo nilikuwa peke yangu, nazalisha huku na kufunga vidonda kule, wagonjwa wamehudumiwa bila kuandikwa. Au kitabu kiliisha na kipya hakijafika, tukaandika kwenye daftari la shule. Na hiyo homa yenyewe: kipimo cha malaria kikitoka hasi, naandika homa isiyojulikana, basi. Ndani yake inaweza kuwa brusela, inaweza kuwa hiyo Bonde la Ufa yako, mimi sina kipimo chake.

MLETA UZI

Daktari, huu mchango wako ningeomba uwekwe juu kabisa ya uzi. Vijana, msome taratibu. Wiki ambayo haikuandikwa na wiki ambayo hapakuwa na mgonjwa ni vitu viwili mbali kabisa, na modeli ikivichanganya itakwambia ugonjwa unazimika wakati ndio unakolea, maana kituo kinaacha kuandika hasa pale kinapozidiwa. Hili linatatuliwa kihisabati. Unaongeza ngazi ya pili kwenye modeli: juu kuna ugonjwa wenyewe, chini kuna uwezekano wa mgonjwa kufika kituoni, kupimwa na kuandikwa. Lakini huwezi kuiandika ngazi hiyo bila kukaa na Tabibu Bahi na kumuuliza ile wiki tupu ilikuwaje.

Kuhusu kurudi, una haki. Ninaowasimamia nawataka warudi kituoni na karatasi mbili za Kiswahili zenye matokeo kabla hawajawasilisha tasnifu. Sipo tayari kulegeza hapo. Data ni jasho la mtu.

Na kwa wanaopanga: vibali anza mapema. Utafiti unaogusa taarifa za wagonjwa unahitaji kibali cha maadili, wengi tunapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, halafu barua ya TAMISEMI, mkoa, halmashauri, ndipo kituo. Hapa Dodoma tuna bahati ambayo wenzetu hawana, Wizara ya Afya na ya Mifugo zote zipo Mtumba, unapanda daladala na kurudi siku hiyohiyo. Data za mvua omba Mamlaka ya Hali ya Hewa. Zile za setilaiti ziitwazo CHIRPS ni bure, zinaanzia 1981, zitakusaidia kwenye maeneo yasiyo na kituo cha kupimia. Watu wa TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, kule Mpwapwa wanawajua mifugo wa kanda hii kuliko kitabu chochote.

MPENDA NADHARIA

Nakupinga mleta uzi. Unataka kila mwanahisabati awe afisa afya. Uthabiti, nadharia, hivyo ndivyo hisabati yenyewe. Kuna kazi zilizoanza bila mgonjwa hata mmoja na leo zinatumika kote.

MLETA UZI

Mkuu, kwenye hilo la mwisho tuko pamoja. Diekmann, Heesterbeek na Metz mwaka 1990, halafu van den Driessche na Watmough mwaka 2002, walitupa njia ya kupata R0 kwa jedwali la kizazi kijacho, ndilo lile la nani anamwambukiza nani, na bila wao nisingeweza hata kuandika ile aya ya binadamu hapo juu. Mwenye nadharia mpya aende nayo, nitakuwa wa kwanza kumpigia makofi. Ninachokikataa ni kuchukua nadharia yao, kuiweka kwenye modeli ya makundi saba badala ya sita, na kuiita mchango mpya. Hilo ni zoezi zuri la uzamili. Na jaribu kuangalia R0 pale mvua inapobadilika bila mpangilio, utakuta kazi ya nadharia tele inayosubiri watu. Ugonjwa wa hapa ndio utakaokupeleka huko.

DADA WA TAKWIMU

Kaka, mimi nina uzamili wa takwimu na mtoto mdogo. Ada nazipataje, na nisomee wapi? Msimamizi namchaguaje?

MLETA UZI

Hongera dada, na wewe mwenye takwimu umetangulia mbele ya wengi.

Mahali: UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, ambako modeli za magonjwa ya watu na mifugo zimefanyiwa kazi nyingi. Ukiwa na mtoto mdogo, kubaki Dodoma kuna uzito wake, usikubali mtu akwambie ni uvivu. Fedha: DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wana ufadhili wa kusoma ndani ya nchi na ukanda huu, miradi ya utafiti huwa na nafasi za wanafunzi, na aliyeajiriwa aanze na mwajiri wake. Usianze kwa kutegemea mshahara peke yake, nimeona watu wazuri wakikwama mwaka wa pili.

Msimamizi chukua wawili. Mmoja wa hisabati, mwingine wa afya au mifugo, na huyo wa pili awe anasoma kazi yako kweli, asiwe jina la kupamba fomu. Kabla hujaomba, zungumza na wanafunzi wake wa zamani. Uliza anarudisha sura baada ya muda gani. Hakuna swali lingine litakalokuokolea muda kama hilo.

MWALIMU WA KONGWA

Mkuu, likizo inaanza karibuni. Nipe kazi moja ya kufanya nikiwa nyumbani, kompyuta ninayo.

MLETA UZI

Safi sana mwalimu. Sakinisha R au Python, programu za kompyuta za kukokotolea, zote ni bure. MATLAB ni nzuri lakini leseni ni ghali, na Octave inafanya mengi ya yaleyale bila malipo. Kisha tafuta data za mafua ya shule moja ya bweni ya wavulana huko Uingereza, zilizochapishwa mwaka 1978. Wanafunzi walikuwa 763, waliolazwa kitandani kwa jumla 512, yote ndani ya wiki mbili hivi. Tumia makundi matatu tu. Tafuta kasi ya kuambukiza na kasi ya kupona zinazofanya mchoro wako upite karibu na nukta za data, halafu kokotoa R0.

Ukishapata mchoro mzuri, rudi uangalie kile kilichohesabiwa: ni wavulana waliokuwa kitandani siku ile. Aliyeambukizwa lakini bado yuko darasani hayumo. Aliyeondolewa kwa wenzake akalazwa pengine haambukizi tena. Je, kundi lako la "wanaoambukiza" ndilo hilo lililohesabiwa? Badilisha modeli ili itofautishe hao wawili, uone R0 inasogea kiasi gani. Weka programu yako na mchoro hapa hapa kwenye uzi, na Tabibu Bahi naye auangalie, kwa sababu nina hakika ataona kitu ambacho sisi wa hisabati tutakipita.